Mpika Chumvi Ndani ya Seng'enge

Nilipigwa na butwaa siku nilipolamba alichokuwa anapika. Moto ulikuwa unawaka tangu jua linachomoza, vyungu vimepangwa juu ya mafiga, na yeye amechutama pembeni na upawa mkononi, anakoroga, anatazama, anapunguza kuni huku na kuongeza kule. Wanawake wengine walikuwa wamekaa karibu, kila mmoja ameshika lake. Nikatega kiganja chini ya upawa, tone likadondoka, nikalipuliza nikalamba. Maji. Maji matupu ya kisima, yenye ladha ya mchanga kidogo. Nikamtazama usoni kutafuta wazimu, maana mahali tulipokuwa wazimu haukuwa habari ngeni, na sikuuona. Niliuona uso uleule niliouzoea, mkavu kwa moshi na uliojaa dharau.

"Nani kakutuma ulambe kazi ya mtu?" aliniuliza. "Hebu lete zile kuni pale."

Nikazileta. Sijui kwa nini nilizileta.

Sisi tulimwita Mpika Chumvi. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, wazee walilijua, lakini sikumbuki hata siku moja mtu kuliita. Mwanawe wa pekee, mfanyabiashara aliyehamia Mtwara kabla ya vita, naye alipokuja kumtembelea alisimama uani akacheka: "Mpika Chumvi yupo?" Mama yake alijibu kutoka ndani, "Yupo, ila ana kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Upande wetu, kaskazini ya Palma kuelekea Kionga, nyuma ya mikoko kuna jangwa, uwanda mweupe ambao bahari huufikia wakati wa bamvua tu, maji yakijaa kabisa, kisha jua huukausha. Juu ya ardhi hubaki ukoko wenye chumvi. Aliukwangua kwa kifuu, akautia ndani ya kichujio kikubwa kilichosukwa kwa miyaa, akamimina maji ya bahari juu yake. Yale yaliyochuruzika chini yalikuwa makali mpaka yanachoma ulimi, na hayo ndiyo aliyoyapika hadi yakakauka na chumvi ikabaki chunguni. Chumvi yake ilifika Pundanhar na mbele ya huko, kwa watu wa bara waliotuletea mahindi na mihogo mikavu.

Moto wa chumvi una mwiko wake, na yeye aliushika kuliko alivyoushika mwezi wa Ramadhani, Mungu amsamehe. Mbele ya moto ule mtu halii, hagombani, wala hashiki tama. Ukikaa na shavu kiganjani, chumvi hugoma kuganda. Ndivyo walivyoamini wapika chumvi wote wa kwetu. Namkumbuka jirani mmoja aliyeletewa mke mwenza akaja jangwani machozi yanamtiririka, anataka kuegemea bega la mtu. Mpika Chumvi hakumpa bega. Alimwonyesha mikoko kwa upawa. "Nenda kalie kule. Ukimaliza urudi, kichujio kinakungoja." Yule jirani alikwenda, akalia, akarudi. Alirudi na kesho yake, na keshokutwa, na kila mara alichukua muda mfupi zaidi kule mikokoni.

Mimi nilikuwa nimeshaolewa na kuachwa wakati huo, ninaishi na mama yangu, na nilimwona Mpika Chumvi kuwa mwanamke mwenye moyo wa jiwe. Nilimsema sana. Salamu yake tu ilinikera. Watu waungwana huuliza hali, huuliza watoto, huuliza umeamkaje. Yeye alikutazama viganja akauliza, "Una nini mkononi?" Ukiwa na ungo, utasema ungo. Ukiwa na jembe, jembe. Ukiwa mikono mitupu ulianza kujitetea kama mwizi.

Vita ya kuwatoa Wareno ilipofika kwetu ilianza na chumvi. Mtu aliyeko msituni anaweza kuishi kwa mihogo na mizizi, lakini akikosa chumvi mwili humlegea. Wareno walilijua hilo. Walisema sisi watu wa pwani ndio tunaowalisha wapiganaji, wakaja na askari wao, tropa, wakavunja vyungu vya jangwani kimoja kimoja, wakachoma nyumba zetu na maghala yetu, wakatuswaga mpaka kwenye kijiji kipya kando ya njia ya Palma. Kijiji kile walikizungushia seng'enge. Mashamba tuliyopewa yalikuwa vipande vya ardhi karibu na waya, na tulikwenda huko kwa makundi, kwa muda waliotaka wao, na bunduki nyuma yetu. Baharini, marufuku. Jangwani, ukionekana umekufa.

Mimi nilidhani kitakachotumaliza ni njaa au risasi. Wallahi sikujua kwamba mtu anaweza kuharibika kwa kukaa tu. Niliyoyaona mle ndani yalinitia hofu kuliko mizinga. Seremala mmoja, fundi aliyechonga nusu ya milango ya kwetu, alikaa kizingitini na kijiti akikichonga mpaka kikaisha, akachukua kingine. Hakikuwa chochote, si kijiko wala mpini. Mwanamke mmoja alikuwa akitoka nje kila asubuhi kuwaita kuku wake waliochomwa pamoja na banda. Vijana wenye nguvu zao walilala mpaka jua la utosi, wakiamka wanauliza leo siku gani, na hakuna aliyejua.

Na mama yangu. Mama alikuwa na minazi aliyoachiwa na mama yake, na aliijua mmoja mmoja kama watu wanavyojua wajomba zao. Tropa waliikata ili waone mbali. Waliikata sisi tumesimamishwa pale tunatazama, na mama hakutoa sauti. Tulipofika ndani ya seng'enge alikaa ukutani, akajifunika kanga kichwani, na hakusema tena. Chakula nilimwekea, nikakikuta vilevile. Shehe alimwandikia kombe, aya za kuoshwa kwa maji, akanywa, haikusaidia. Mganga alimfukiza, haikusaidia. Mimi nilimkalia mbele nikimbembeleza: "Mama, sema nami. Mama, nitazame." Alinitazama kweli, na niliona macho ya mtu asiyenijua.

Katika hali hiyo ndipo Mpika Chumvi alipoanza kuchemsha maji.

Alipata vyungu, sijui kwa nani. Akakwangua mchanga karibu na kisima, mchanga wa kawaida usio na chumvi hata ya kuulizia. Akasuka kichujio kibovu, maana kusuka hakujua, akamimina maji ya kisima juu ya ule mchanga, yakachuruzika, akayapika. Mchana kutwa. Jioni chungu kilibaki na utandu wa uchafu chini. Akausugua, akakifudikiza, na asubuhi akaanza tena. Watu walitazamana. Waliosema amerukwa na akili walikuwa wengi, na mimi nilikuwa miongoni mwao, na nilipolamba nikazidi kusema.

Lakini tazama kilichotokea. Moto ulikuwa moto wa chumvi, na mwiko ulikuwa ule ule. Wanawake waliozoea kukaa naye jangwani walisogea, kwanza kwa kejeli, halafu kwa mazoea. Akiwaona wameshika tama aliwafokea, wakashusha mikono, na mkono ukishashuka unataka kitu cha kushika. Huyu alipewa kuchota, yule kukwangua, mwingine kufagia mahali pa kukalia. Na ole wako uifanye kazi yake vibaya! Alikuwa akipima mchanga ule usio na maana kwa vidole, akamwambia mtu mzima, "Huu una majani. Rudia." Na mtu mzima alirudia. Nilisimama pale nimeshika mdomo. Wanawake wenye akili zao wanagombezwa kwa sababu ya mchanga, na wanatubu.

Tropa nao waliona. Kabo wao, koplo wa Kireno, alikuja na sipaio, askari mweusi aliyewatafsiria, mtu wa bara aliyekuwa anaona haya kutuamkia. Kabo alichovya kidole, akalamba, akatema, akalamba chungu kingine.

"Anauliza unapika nini," sipaio alisema.

"Mwambie anaona."

"Bibi, tafadhali. Anauliza kazi gani hii."

"Yangu."

Sipaio alisema maneno mengi ya Kireno, mengi kuliko aliyopewa. Kabo alicheka, akakipiga teke chungu kimoja, moto ukazimika nusu, akaondoka. Mpika Chumvi aliyatazama maji yaliyomwagika, akamgeukia aliyekuwa na zamu ya kuchota. "Haya. Umelala?"

Nataka mnielewe, huyu hakuwa mtu anayependa kila kazi. Hapo ndipo wengi hukosea wakimsimulia. Wareno walitutoa kwa zamu kuchimba barabara, jembe mkononi na mjeledi mgongoni, na kule barabarani sijapata kuona mvivu kama yeye. Aliugua tumbo. Aliugua mgongo. Alipewa jembe likavunjika mpini, akapewa jingine, nalo likavunjika, na nilimwona kwa macho yangu akilikanyaga penye ufa. Udongo wa kikapu kimoja aliubeba kwa muda ambao wengine walibeba mara nyingi. Nilimwuliza, "Wewe si ndiye unayetusema kwa uvivu?" Alinitazama kama mtoto mjinga. "Ile barabara nimeitaka mimi?"

Hakuwa mtu wa kueleza. Maneno haya ninayoyasema leo kuhusu kazi na akili ni yangu, nimeyafikiri baadaye sana. Yeye angeyasikia angeniuliza kama sina la kufanya.

Kilichonishtua zaidi, na kilichowakasirisha watu, ni habari ya yule tropa kijana. Alikuwa mlinzi wa lango, kitoto cha Kireno chenye ndevu za kuhesabika, anakaa juu ya magunia ya mchanga kutwa nzima anatazama barabara isiyo na mtu. Siku moja adhuhuri alivua nguo zote. Akaja uwanjani uchi wa mnyama, bila bunduki, anatembea katikati yetu akilia na kuzungumza na watu wasiokuwepo. Wanawake walikimbia, wengine walifunika nyuso. Wako waliocheka, na sikuwalaumu. Mpika Chumvi aliinuka, akavua kanga yake ya juu, akamfunga kiunoni, akamkokota mpaka penye mafiga, akampa shoka. Nasema akampa shoka! Tropa aliyetuchomea nyumba, amekaa mbele yetu na shoka mkononi. Mpika Chumvi akamwonyesha gogo kwa kidole. Kijana alilitazama gogo, akalitazama shoka, akaanza kupasua. Mwanzoni alikosea, vipande vikaruka ovyo, bibi akamwonyesha namna ya kusimamisha gogo. Baada ya muda machozi yalikauka na alikuwa akipanga kuni vizuri, kubwa chini, ndogo juu. Kabo alipokuja kumchukua alimkuta anatoka jasho, ametulia, anauliza kitu ambacho sipaio alikitafsiri kwa shida. "Anauliza kama arudi kesho."

Hakurudi. Walimpeleka tusikokujua. Lakini sisi tulimnunia Mpika Chumvi. Seremala alisema hadharani kwamba mwanamke huyu hana upande. Naye akajibu, bila hata kugeuka, "Kuni zilikuwa za kupasua. Ungezipasua wewe, nisingemhitaji." Seremala alikasirika, akaondoka, na kesho yake asubuhi alikuja na shoka lake. Alikuja kumkomoa, alisema mwenyewe. Akawa anakuja kumkomoa kila siku, na vile vijiti vyake sikuviona tena.

Alikuwa na moyo huo, na huohuo ulikuwa na mambo yasiyolingana. Alitukataza kulia, lakini jogoo wake mmoja alipokanyagwa na gari la tropa alijifungia ndani akaomboleza kama amefiwa na mtu. Alichukia umbea, na hakuna kilichotokea ndani ya seng'enge asichokijua. Swala alikuwa akiichelewesha mpaka shehe akakata tamaa naye, ila udhu aliutia kwa utaratibu mzuri kuliko shehe mwenyewe.

Sasa nirudi kwa mama, maana ndiyo sababu nimeshindwa kumsahau mwanamke huyu.

Mama alikuwa msukaji. Kule kwetu vichujio vya wapika chumvi wengi vilitoka mikononi mwake. Mpika Chumvi alikuja nyumbani siku moja na kichujio kizuri, sijui alikipata wapi, kizima kabisa, kimebana vizuri. Alisimama nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa jikoni nikamwona kupitia ufa wa ukuta. Alichomoa kisu kiunoni, akatazama huku na huku, akakipasua kichujio toka ukingoni mpaka kitakoni. Kisha akazunguka mbele, hana wasiwasi hata kidogo, akakitupa mapajani mwa mama.

"Kimepasuka," alisema. "Kitengeneze. Nakitaka."

Hakumpa pole. Hakusema habari ya minazi. Aliweka miyaa chini akaondoka, na mimi nilijaa hasira. Mama yangu hali, hasemi, anakufa mbele ya macho yangu, na huyu anamletea kazi, tena kazi ya uongo! Nilikivuta kile kichujio nikiondoe mapajani mwake. Mama akakishika. Vidole vyake vikakaza. Sikuamini. Nilivuta tena kidogo, akavuta.

Alianza kukishona siku hiyohiyo, vibaya. Alikimaliza baada ya siku kadhaa. Mpika Chumvi alikuja, akakigeuza juani, akaingiza kidole kwenye mshono, akautanua. "Hiki ni cha kubebea mawe," alisema. "Umesahau kazi." Akamrushia.

Mama aliinua kichwa. Kanga ilianguka. Na baada ya muda wote ule wa ukimya, mama yangu, mwanamke aliyelelewa kwa adabu, ambaye sikuwahi kumsikia akimtukana hata mbuzi, alifungua mdomo akasema kwa sauti iliyokwaruza:

"Toka kwangu, mwanamke mshenzi! Nani kakwambia nimesahau?"

Mpika Chumvi akasema, "Nitakifuata kesho," akaenda zake. Nilimwona akiwa mbali amesimama ameshika nguzo ya nyumba ya mtu, mabega yanamcheza. Mpaka leo sijui alikuwa anacheka au vipi. Mama alikula jioni ile. Alikula huku akimtukana.

Hakupona siku moja. Siku nyingine alirudi ukutani. Lakini vichujio viliendelea kuja vimepasuka, na mama hakuwahi kuuliza kwa nini watu wa kijiji kile wanapasua vichujio namna ile. Kidogo kidogo akaanza kutoka kwenda kuvipeleka mwenyewe, ili agombane vizuri. Akawa na mahali pake penye moto, na mimi pembeni yake. Waliobaki kwenye vizingiti vyao, wale waliotucheka sisi wapika maji, wako niliowazika, na hawakuwa na jeraha. Hilo nalisema kwa hofu, kwa sababu nililiona na bado halinikai kichwani.

Mpika Chumvi alitoweka siku ya kuokota kuni. Tulihesabiwa langoni, akakosekana. Tropa walitupiga wote. Baadaye tulipata habari kwamba mwanawe aliwatuma watu wakamvusha mto Ruvuma, na yuko Mtwara, salama. Mama alisikia akasema, "Afadhali, nimepumzika na kelele zake," kisha akasuka mpaka giza likaingia. Sisi tulitoroka tukavuka mwaka uliofuata, tukiwa na watu wengine wa Kionga, vita ikiwa bado inaunguruma nyuma yetu.

Tulipata chumba pembezoni mwa Mtwara. Mama akaanza kusukia watu vikapu. Haikuchukua muda nikasikia sifa za mfanyabiashara mmoja aliyemtoa mama yake vitani akamweka kama malkia. Msikitini wanamtaja, sokoni wanamtaja. Wanawake waliwaambia watoto wao wa kiume, "Mwige yule." Nilipojua ni nani, nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Nilimwambia mama twende. Mama alikuwa na kikapu cha mtu alichotakiwa kukimaliza. "Nenda wewe. Mwambie bado namchukia."

Nyumba ilikuwa ya saruji, bati linang'aa, ua umefagiwa. Mwanawe alinipokea kwa heshima, akaniita dada, akanikalisha.

"Mama yupo," alisema. "Amepumzika. Dada, mama yangu ameteseka, wewe unajua kuliko mimi. Nimeapa hatagusa kazi tena."

"Amekubali?" niliuliza, nikicheka, maana nilidhani anatania.

"Mwanzoni alisumbua. Alikuwa anaamka anafagia, nikamgombeza msichana wa kazi, nikaficha fagio. Akaingia jikoni, mke wangu akamtoa, watu watasema nini? Akaenda kutafuta kuni porini! Mama yangu mimi, kuni! Nikaleta makaa magunia kwa magunia. Akapanda mchicha kule nyuma, nikaung'oa nikaweka saruji asipate pa kuinamia." Alitabasamu, na nilimwona amechoka kwa upendo. "Alilia siku ile. Lakini sasa ametulia. Hasumbui kabisa."

Kicheko changu kilikatika.

Aliniongoza chumbani. Alikuwa amekalishwa kwenye kiti chenye mito, amevaa kanga mpya ambayo mikunjo yake ya dukani haijafa, amefukizwa udi, na kichwa kimefungwa na mtu mwingine, kwa maana mwenyewe hakuwa akikifunga hivyo. Amenenepa. Mke wa mwanawe alikuwa akimlisha wali kwa kijiko. Kijiko kikija, alifungua kinywa. Kikiondoka, alifunga. Mke yule alikuwa mpole, alimpangusa kidevu kwa kitambaa safi, akaniambia, "Siku hizi anakula vizuri." Nilishika mlango. Tropa walimvunjia vyungu, walimpiga, walimfungia ndani ya waya, na hawakuweza kumfanya hivi.

Mke alipotoka na sahani nilipiga magoti mbele ya kiti.

"Bibi, ni mimi."

Alinitazama usoni. Aliinamisha kichwa kwa adabu ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Karibu, mgeni. Utusamehe, mwenye nyumba hayupo."

"Nani, bibi? Mwanao? Yupo hapo uani."

"Sio huyo kijana. Mwenyewe, Mpika Chumvi." Alishusha sauti, akanisogelea, na kwa kitambo kidogo macho yake yalikuwa makali kama zamani. "Mimi hapa nimewekwa tu. Namngoja."

"Amekwenda wapi?"

"Kazini."

"Atarudi lini?"

"Wakimruhusu," alisema, akautazama mlango.

Nami nikageuka. Mwanawe alikuwa amesimama pale, amemletea mama yake glasi ya maji ya kunywa, na alikuwa ameyasikia yote. Aliitazama glasi, akatutazama sisi, akaitazama tena glasi, na hakujua aiweke wapi.